Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Jamii: Msisitishe Msaada wa Mtu Ambaye Hajasikilizwa

Kwa: Mkurugenzi, Idara ya Huduma za Jamii ya Jimbo
Nakala: Wakuu wa ofisi za kaunti, wajumbe wa kamati ya bunge la jimbo inayosimamia huduma za jamii

YAH: BARUA ZA KUSITISHA MSAADA ZINAZOPELEKWA KWA KAYA ZINAZOSEMA KISWAHILI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni wakalimani wa kujitolea. Tunawasomea barua za serikali wakimbizi wa Kikongo waliofika Marekani kupitia kambi za Nyarugusu (Tanzania), Kakuma (Kenya) na Nakivale (Uganda). Malalamiko haya yalianza kwa mdomo kwenye ofisi ya kaunti, yakaandikwa, yakapanda hadi kwenye dawati la malalamiko la idara yako. Kilichorudi ni barua ya fomu, kwa Kiingereza, inayosema kwamba maoni yetu yamepokelewa. Ndiyo sababu sasa tunasema hadharani. Tumeandika kwa Kiswahili ili wenye shida waisome wenyewe. Tafsiri kamili ya Kiingereza imeletwa ofisini kwako pamoja na nakala hii.

Lalamiko letu ni hili: idara yako inawakatia watu msaada, hasa wa chakula, bila kuwasikiliza. Barua inayowapa haki ya kusikilizwa inapelekwa kwa lugha wasiyoisoma, na muda wa kuitumia haki hiyo unakwisha kabla hawajapata wa kuwasomea.

Haki hiyo haikutolewa kwa hisani ya ofisi yoyote. Sheria ya Hifadhi ya Jamii, aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, iliyapa masharti majimbo yote yaliyotaka fedha za serikali kuu kwa ajili ya wazee, watoto na vipofu. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mtu aliyekataliwa apewe nafasi ya kusikilizwa kwa haki mbele ya idara ya jimbo. Mwaka 1939 Bunge likaongeza kwamba watumishi wa idara hizo waajiriwe kwa sifa. Mwaka 1950 likaongeza kwamba kila anayetaka kuomba aruhusiwe kuomba, anayestahili apewe bila kucheleweshwa, na anayecheleweshwa naye awe na haki ya kusikilizwa kama aliyekataliwa. Mwaka huohuo ndipo mama au mlezi wa mtoto alipoanza kuhesabiwa kwenye malipo. Kabla ya hapo serikali kuu ilichangia fungu la mtoto tu, na mama akaachwa ale nini hakuna aliyeuliza.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa yamekamilika, lakini kwa vitendo majimbo yalipata njia za kukwepa. Louisiana iliweka kanuni mwaka 1943 ya kuwanyima msaada kina mama walioonekana wanaweza kufanya kazi wakati mashamba yanahitaji vibarua. Mwaka 1960 jimbo hilohilo liliwaondoa watoto wapatao 23,000 kwa mkupuo mmoja, karibu wote Weusi, kwa madai kwamba nyumba zao hazifai. Mama aliyezaa nje ya ndoa baada ya kuanza kupokea msaada alihesabiwa kuwa na nyumba isiyofaa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba amebadilika ukawa wake. Yaani mkate uliondolewa mezani kwanza, maswali yakafuata. Januari 1961 Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi, Arthur Flemming, aliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto msaada kwa kisingizio cha nyumba isiyofaa huku likimwacha aendelee kuishi katika nyumba hiyohiyo. Alabama ikatafuta mlango mwingine. Kuanzia mwaka 1964 ilimhesabu mwanaume yeyote mwenye uhusiano na mama kuwa baba wa watoto, hata kama hawalishi wala hana wajibu wowote kisheria. Watoto wapatao 16,000 wakaondolewa kwenye orodha, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta kanuni hiyo tarehe 17 Juni 1968, majaji wote kwa kauli moja.

Uamuzi unaotuhusu zaidi ulitoka tarehe 23 Machi 1970, katika shauri la Goldberg dhidi ya Kelly, la Mahakama Kuu hiyohiyo ya Marekani. Tunaomba uusome upya, Mheshimiwa, kwa sababu utaratibu uliolalamikiwa New York wakati ule unafanana mno na wa ofisi zako leo. Afisa akiona mtu hastahili tena, alizungumza naye, akapeleka faili kwa msimamizi, na msimamizi akikubali, barua ilitoka na kutoa siku saba. Mtu aliruhusiwa kuandika maelezo yake. Kufika mwenyewe, kusema kwa mdomo na kuwahoji waliomshuhudia vibaya kulikuja baadaye, msaada ukiwa umeshakatwa. Mahakama, kwa kura 5 dhidi ya 3, ikasema hapana. Jaji William Brennan aliandika kwamba anayesubiri shauri huku hana chakula hawezi hata kulipigania shauri lake, maana siku yake yote inaishia kutafuta riziki. Akaeleza pia kwamba kumwambia mtu aandike si kumpa nafasi ya kweli, kwa kuwa wengi hawana elimu ya kuandika utetezi na hawana fedha za kumlipa wa kuwaandikia. Nafasi ya kusikilizwa, alisema, ilingane na uwezo na hali ya mtu anayesikilizwa.

Ikiwa kuandika utetezi kwa Kiingereza kulionekana ni kikwazo kwa mkazi wa New York aliyekizungumza maisha yake yote, kusoma taarifa ya kurasa sita kwa Kiingereza kutakuwaje kwa mama aliyezaliwa Fizi, Kongo, akakulia Nyarugusu, na akafika hapa mwaka juzi?

Hoja zetu ni hizi.

1. Barua yenyewe. Bahasha ina karatasi tatu zilizochapwa pande zote mbili. Ukurasa wa kwanza una jina, namba ya faili na tarehe. Sababu ya kukatiwa iko ukurasa wa pili, mara nyingi ni mstari mmoja: kipato kimezidi, au fomu haikurudishwa. Haijasemwa ni kipato cha nani, cha mwezi gani, wala ni fomu ipi. Haki ya kusikilizwa iko ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Kisha kuna karatasi ya lugha nyingi, na Kiswahili kina mstari mmoja humo: ukihitaji msaada wa lugha, piga namba hii. Mstari huo hausemi kwamba msaada unakatwa, wala kwamba kuna tarehe ya mwisho. Msomaji wa Kiswahili anapouona huchukulia kuwa ni tangazo la kawaida, anaikunja barua na kuiweka na nyingine.

Tunaomba ulielewe na hili, kwa sababu maafisa wengi hawalijui. Mtu aliyeishi kambini miaka kumi au ishirini amezoea mgao. Mgao ukipunguzwa, umepunguzwa. Hakuna meza ya rufaa pale kwenye foleni ya unga na maharage. Anapofika hapa na kadi ya chakula ikakataa dukani, huona ni mgao umepunguzwa, akanyamaza. Idara inausoma ukimya huo kama kukubali.

2. Siku 10. Kanuni za SNAP, msaada wa chakula ambao wengi bado wanauita fudistempu, zinataka taarifa ya kupunguza au kukata itoke angalau siku 10 kabla ya hatua kuanza. Hesabu huanza siku barua inapotumwa, si siku inapopokelewa. Toa siku za posta, toa Jumapili, toa siku ya kumtafuta mtu wa kusoma, ambaye naye anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Kinachobaki ni siku mbili tatu. Na siku hizo ndizo zenye uzito wote. Anayeomba kusikilizwa kabla ya tarehe ya kukatwa anaweza kuendelea kupokea msaada mpaka shauri liamuliwe. Anayeomba baada ya hapo bado ana haki ya kusikilizwa, kwani muda wa kuomba ni siku 90, lakini anasubiri bila chakula. Uamuzi wenyewe umepewa hadi siku 60.

Kuna shimo jingine hapa, na ndimo wengi wanamotumbukia. Msaada hutolewa kwa kipindi maalumu, kisha kaya huhakikiwa upya kama bado inastahili. Kipindi hicho kikiisha kabla fomu haijarudi, kuomba kusikilizwa hakuurudishi msaada wakati shauri likisubiri, kwa sababu kisheria hakuna kilichokatwa. Muda umekwisha tu. Kwa hiyo barua ya kuhakikiwa upya ni nzito kuliko hata ile ya kukata. Na ndiyo inayokuja kwa umbo la fomu ndefu isiyo na onyo lolote la Kiswahili.

3. Simu. Sauti ya kwanza ni Kiingereza, ya pili Kihispania. Lugha nyingine zinasubiri mtu apokee, na anayepokea anamtaka mpigaji ataje lugha yake kwa Kiingereza. Mahojiano ya kuhakikiwa nayo hufanyika kwa simu inayotoka kwenye namba iliyofichwa. Wakimbizi wameonywa na kila mtu kuhusu matapeli, hawapokei namba wasiyoijua. Simu isipopokelewa faili linaandikwa kwamba mhusika hakujitokeza, na taarifa inayomtaka apange upya mahojiano inakuja, tena kwa Kiingereza. Faili likiwa limeshaandikwa kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili, mkalimani aunganishwe kabla simu haijapigwa, ili sauti ya kwanza kusikika iwe ya Kiswahili. Huduma hiyo idara imeshailipia.

4. Majina na tarehe za kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu tarehe halisi haikujulikana walipoandikishwa. Majina ya Kikongo nayo hayana mpangilio wa jina la kwanza na la ukoo kama wa hapa: ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza wasichangie jina hata moja, na majirani wawili wasio na undugu wakachangia majina mawili. Kompyuta inapolinganisha mishahara iliyoripotiwa na waajiri, mshahara wa mtu mmoja unaingia kwenye faili la mwingine. Halafu barua inatoka ikisema kipato kimezidi. Kosa hili hurekebishwa kwa dakika chache mtu akifika na karatasi zake za mshahara za siku 30 zilizopita, lakini lazima ajue kwamba ameitwa.

5. Waliokatwa kwa mkupuo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu. Tunaipinga kwa moyo wote, ila tunajua kwamba si wewe uliyeitunga, na barua hii haikuombi uivunje. Tunachokuuliza ni jinsi ilivyotekelezwa. Miongoni mwa waliokatwa wamo watu wenye grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, mkononi, ambao faili zao bado zinasoma hali waliyoingia nayo nchini. Mkimbizi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kukaa mwaka mmoja, kwa hiyo ofisi ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba hali nyingi zimebadilika. Mtu anayesema sheria imetumika vibaya kwake, kwamba yeye hayumo katika kundi lililoondolewa, ana haki ya kusikilizwa na msaada wake uendelee akiomba kwa wakati, hata kama mabadiliko yenyewe ni ya watu wote. Kukata orodha nzima kisha kuacha kila mmoja ajitetee kwa lugha asiyoijua ndiko kulikofanyika Louisiana mwaka 1960.

6. Watoto kufanywa wakalimani. Ikomeshwe. Mtoto wa miaka kumi na mmoja asimweleze mama yake kwamba chakula kimekatwa, wala asitafsiri maswali kuhusu nani analala nyumbani.

Tunajua majibu yatakayotolewa, na tunayajibu mapema.

Mtasema Agizo la Rais namba 13166 la mwaka 2000, lililohusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri, limefutwa tangu tarehe 1 Machi 2025. Ni kweli limefutwa. Lakini wajibu haukuanzia pale. Sheria ya Haki za Kiraia ya tarehe 2 Julai 1964, Sehemu ya Sita, inakataza ubaguzi wa rangi au asili ya taifa katika programu yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 1974 Mahakama Kuu iliitumia sheria hiyo kwa wanafunzi wa Kichina wa San Francisco walioachwa wakae darasani bila kuelewa lugha. Agizo la Rais haliwezi kufuta sheria ya Bunge. Kanuni za SNAP zenyewe pia zina kipengele cha lugha, na idara yako hukithibitisha kila inapochukua fedha.

Mtasema wasemaji ni wachache. Orodha za shule za wilaya zina idadi ya watoto wanaosema Kiswahili nyumbani, ombeni. Mtasema Kiswahili cha Kongo si cha Tanzania. Hilo lina ukweli kidogo, na dawa yake ni rahisi: rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa Uvira, mtu wa Bukavu na mtu aliyezaliwa kambini Kigoma, maneno yanayowakwaza yabadilishwe. Na wasiojua kusoma wapigiwe simu. Tafsiri ya mashine isiyopitiwa na mtu isitumike kabisa kwenye barua inayokata chakula.

Mtasema maafisa wamelemewa. Tunaamini, maana tunawaona. Wapo wanaobaki baada ya saa za kazi kumsaidia mtu kupanga karatasi zake, na tunawashukuru. Tunawakumbusha pia Benny Parrish, afisa wa ustawi wa Kaunti ya Alameda, California, aliyefukuzwa kazi mwaka 1963 kwa kukataa kushiriki msako wa alfajiri kwenye nyumba za waliopokea msaada. Mahakama Kuu ya California ilimpa haki mwaka 1967. Afisa anayekataa kukata faili ambalo anajua mwenye nalo hajaelewa, alindwe na idara yako.

Tunaomba yafuatayo:

a) Taarifa za kukata, kupunguza na kuhakiki upya zitolewe kwa Kiswahili kwa kila kaya iliyoandikwa kuwa ya Kiswahili. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo matano kwa herufi kubwa: kinachokatwa, sababu pamoja na kiasi na mwezi, tarehe ya kukatwa, tarehe ya mwisho ya kuomba kusikilizwa ili msaada uendelee, na namba ya kupiga. Ieleze pia wazi kwamba atakayeshindwa anaweza kudaiwa kilicholipwa wakati wa kusubiri, ili aamue akijua.

b) Ombi la kusikilizwa lipokelewe kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwenye simu au dirishani. Kanuni za SNAP zinaruhusu ombi la mdomo; maafisa wa dirishani waache kudai fomu. Siku hiyohiyo mwombaji apewe karatasi yenye tarehe.

c) Kabla ya shauri, mhusika aoneshwe faili lake na mkalimani akiwepo. Haki ya kuliona faili ipo tayari.

d) Hatua ya kukata isianze kwa kaya ya Kiswahili ambayo taarifa yake ilitoka kwa Kiingereza peke yake. Itolewe upya, siku 10 zihesabiwe upya.

e) Faili zote za wakimbizi zilizokatwa kwa sheria ya Julai 2025 zipitiwe moja moja kwa kulinganishwa na hali ya sasa ya ukaazi. Aliyekatwa kimakosa arudishiwe alichokosa; kanuni zinaruhusu kurudi nyuma hadi miezi 12, kwa hiyo kila mwezi unaopita bila kupitia faili ni mwezi ambao mtu anaweza asilipwe kamwe. Tunaomba ombi hili lishughulikiwe kabla ya mengine yote.

f) Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari isitumike peke yake, wala pamoja na jina tu, kumhusisha mtu na mshahara ulioripotiwa. Namba ya hifadhi ya jamii na jina la mwajiri vithibitishwe na mhusika kwanza.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakitaja kila ombi na jina la ofisi itakayolitekeleza. Tukikosa majibu, tutapeleka nakala za barua tulizonazo, kwa idhini ya wenyewe, kwenye kitengo cha haki za kiraia cha Wizara ya Kilimo ya Marekani inayosimamia SNAP, na kwa mawakili wa msaada wa kisheria ambao wameshaanza kuzisoma. Tupo tayari kukaa na watumishi wako wakati wowote kabla ya hapo, pamoja na rasimu ya taarifa ya Kiswahili tuliyokwisha iandaa.

Kwa msomaji uliyepata barua ya idara na hujui inasema nini: usiitupe bahasha, maana muhuri wa posta ni ushahidi wa siku ilipotumwa. Piga namba iliyo kwenye barua leo, sema neno "Swahili", na mkalimani akija mwambie sentensi hii: "Naomba kusikilizwa, na naomba msaada wangu uendelee." Mwombe afisa jina lake, andika na saa.

Wako kwa heshima,

Wakalimani wa kujitolea wa Kiswahili